Edgar Threlfall, Aliyejitoa Uwanjani Mwenyewe

Edgar, mume wangu, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ambayo hukuamka, na bado watu wa kijiji wananisimamisha njiani kunisimulia soseji zako.

Buchani ulipiga mluzi huku ukikata nyama, na hakuna mjane aliyetoka bila soseji ya ziada. Nikikuuliza, unasema, "Mkono umeteleza, Doreen." Mkono gani huo wa kuteleza maisha yote! Jumapili ulimkatia kila mtu nyama ya kuoka, wewe ukabaki na kipande cha pembeni. Baridi ikiisha ulitoa gongo lako la kriketi ukalipaka mafuta, ingawa ulishaacha kucheza.

Wajukuu hawaamini kwamba uliwahi kuichezea timu ya kaunti. Uliichezea, kiangazi kimoja tu, nami nikiwa mchumba wako. Nahodha alikwambia waziwazi, "Threlfall, ukidumu uwanjani mpaka jioni, mkataba wa mwakani ni wako." Mkataba ulikuja na nyumba ndogo karibu na uwanja. Mimi nilishachagua hadi mapazia.

Ulipiga vizuri mpaka karibu na saa ya chai. Kisha mpira ukakupita, ukadakwa nyuma yako, nawe ukatia gongo kwapani ukaanza kutoka. Mwamuzi hakuwa ameinua kidole cha kukutoa! Kaka yako Norman akapaza sauti, "We Edgar! Nani kakuita? Rudi, mjinga we!" Hukugeuka. Mkataba akapewa mwingine, sisi tukaenda kuishi juu ya bucha la baba yako.

Nilikusema, jamani. "Mwamuzi analipwa kwa kazi gani?" Jibu lako lilikuwa lile lile: "Niligusa, Doreen." Yaani mpira uligusa gongo lako kabla ya kudakwa, na kwa sheria ya kriketi hapo mpigaji ametoka. Nikajipoza kwamba wapinzani walikuwa wakikupigia kelele utoke, na kwamba kubaki kungekuwa aibu.

Mwezi uliopita alikuja mzee Pashley, yule aliyeudaka mpira siku ile. Hakuwa na habari kwamba umefariki. Nikamkatia keki, nikamuuliza kama siku ile walidai kwa kelele sana utolewe.

"Kudai nini, mama? Nilikuwa nyuma yake pale pale, sikusikia mpira ukigusa gongo. Hakuna aliyefungua mdomo, na tusipodai mwamuzi hasemi neno. Tulidhani anakwenda chooni! Kwani hakukwambia?"

Hukuniambia, Edgar. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nililia mbele ya mgeni, nikacheka, nikalia tena. Laiti ungekuwepo, ningekugombeza kwanza, halafu nikukumbatie, na ile nyumba nisingeitaja tena maishani.

Unakumbukwa nami mkeo Doreen, wanao Keith na Hilary, wajukuu wote, na kaka yako Norman, ambaye nilipomweleza alivua kofia.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.