Ati Hukuwahi Kufunga Trai

Wekesa ndugu yangu,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike na bado nina hasira. Si na Mungu, huyo tutaelewana. Nina hasira na mkuu wa michezo wa chuo chetu. Alishika maikrofoni mbele ya jeneza lako akasema ulikuwa mchezaji mwenye nidhamu, "ingawa hakuwahi kufunga trai." Ingawa! Waombolezaji wakaguna kwa huruma, utadhani ametaja ugonjwa.

Miaka mitatu ya raga umevaa namba saba, kazi yako kukaba, si kuvuka mstari na mpira kufunga trai. Nani alikuwa akichomoka pembeni mwa skramu, pale wazito wanaposukumana, kumwangusha mwenye mpira kabla hajashika kasi? Kocha alipanga ulinzi wote ukuzunguke wewe, halafu jarida la chuo likaweka picha yangu mimi, winga ambaye jezi yake haichafuki. "Wewe kula tu, mimi ndiye nachinja," ulikuwa ukiniambia, tunacheka. Sasa sicheki.

Jumapili nilienda mtaani Rhonda kumwona mama yako. Alinimiminia chai, kisha akaniuliza polepole, "Kwani kijana yangu alikuwa anafanya nini huko kwa uwanja?" Wekesa, nilitaka kulia. Neno moja la mtu mwenye tai lilikuwa limempokonya fahari yake.

Nikatoa simu, nikamwekea video ya ile fainali yetu. Nikamwambia, "Mama, achana na mpira. Angalia saba." Akakuangalia. Kila ulipomwangusha mtu alijipiga kofi gotini: "Huyo amelala!" Chai ikapoa. Mwishowe ukamgonga lile jitu la wapinzani, mpira ukamtoka, nikauokota, nikakimbia, nikafunga. Timu nzima ikanibeba. Lakini mama yako aliweka kidole ukingoni mwa kioo cha simu, pale ulipokuwa ukijikokota kuinuka, umeshika bega.

"Na mbona hakuna mtu anamwinua?"

Nilikuwa juu ya mabega ya watu.

Jumamosi tunacheza tena. Saba ni Kiptoo, yule uliyemfundisha kuangusha mtu kwa bega. Nikifunga, asinibebe mtu. Nitarudi mbio mpaka pale alipoangukia, nimpe mkono, nimwinue yeye kwanza. Mama yako atakuwepo, nimemwahidi kiti cha mbele.

Lala salama, saba wangu. Nisamehe, siku ile sikugeuka nyuma.

Winga wako