Kahawa ya Nyumba ya Khalaf

Firq, Nizwa
4 Januari 2024

Bibi yangu Bimdogo,

Assalaamu alaykum. Nakubusu mikono. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, alhamdulillahi.

Nimeposwa, bibi! Anaitwa Hazim, wa Ibra, tunafanya kazi pamoja. Lakini mama yake ameuliza asili yetu, nami nikataja kabila lililoandikwa kwenye pasi. Sasa watakwenda kumuuliza Shekhe Khalaf, mkuu wa kabila hilo. Akiwaambia kwamba tulikuwa watumwa wa babu yake, na jina la kabila tulipewa tu, posa imekufa. Tafadhali nenda ukaseme naye.

Mjukuu wako,
Fawziya


Mudhaibi
9 Januari

Mjukuu wangu,

Wa alaykum salaam. Magoti yanauma, ulimi ndio mzima.

Mimi unanituma kwa Khalaf? Tulipoachwa huru, mwaka wa sabini, baba alitoka nyumba ile na sufuria moja na sisi watoto. Jamaa zetu wakamfuata. Tukaijenga hara hii, mtaa wetu wenyewe, juu ya mawe ambayo hata mbuzi hawakuyataka. Siku kisima kilipotoa maji, wakubwa na wadogo tulikula yamini: hapana mtu wa hara hii atakayemimina tena kahawa kwenye nyumba ile. Njaa ilitupiga na hatukwenda. Mpaka leo Khalaf kila akiwa na harusi hutuma mtu kutuita, na mpaka leo hatuendi.

Mwambie Hazim kweli. Akikutaka, atakutaka.

Bibi yako


Firq
15 Januari

Bibi,

Salaam. Natumai u mzima.

Nimemwambia. Amelia, kisha akasema hawezi kumvunja moyo mama yake, ila Khalaf akitushuhudia vizuri, yeye ataifunika siri yetu. Huyu ni mchumba wa tatu, bibi, na wawili wa kwanza waliniacha kwa neno hili hili. Nyinyi mna hara yenu na yamini yenu. Mimi mmenipa nini? Doa tu. Mama angekuwa hai angekwenda kwa Khalaf kwa magoti.

Fawziya, mjukuu wako


Mudhaibi
2 Februari

Fawziya mwanangu,

Salaam nyingi. Usiniulize hali.

Nilikwenda. Khalaf alinikalisha mlangoni, penye viatu. Akasema atawaambia watu wa Ibra kwamba wewe ni damu ya kabila lake, lakini kwanza nimimine kahawa kwenye harusi ya mwanawe Laith, miguu mitupu, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Nilimimina. Wageni walikuwa wengi.

Niliporudi, dada yangu Kaltham alinifungia mlango. Hapana mtu wa hara anayenipa salamu. Nimeumia, siwezi kusema sikuumia. Lakini utaolewa.

Bibi yako akupendaye


Firq
20 Februari

Bibi yangu,

Assalaamu alaykum. Mungu akulipe. Khalaf ameshuhudia, na harusi ni wiki ijayo, Ibra.

Kuna jambo, bibi, usikasirike. Mama yake Hazim alikuwa kwenye harusi ya Laith. Amependa unavyomimina, hajui wewe ni nani wangu. Amemwomba Khalaf ampe yule mtumishi wake mzee aje kwenye harusi yetu, na Khalaf amesema mchukueni. Ningesema nini? Njoo. Angalau utaniona nimevaa. Usinikumbatie tu, na usilie.

Mjukuu wako,
Fawziya


Mudhaibi
1 Machi

Fawziya,

Salaam.

Nimerudi salama. Ulipendeza, nguo ya kijani ilikukaa vizuri. Nilikumiminia mara mbili. Mara ya tatu ulikitikisa kikombe kuonyesha umetosheka, ukanirudishia bila kuninyanyulia macho. Hazim alikuwa ubavuni pako akiangalia zulia.

Mama mkwe wako ni mtu wa maneno matamu. Aliniuliza mbele yako kama nina watoto. Nikamwambia nilikuwa na binti, amekufa. Akaniuliza, na wajukuu? Nikamwambia sina.

Ulisikia. Basi na iwe hivyo.

Bimdogo