Chizikeki Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Februari

Joto! Mapazia yote nimeyafunga na bado jasho linanitiririka kama nimemwagiwa ndoo.

Binti yetu amepiga simu. Anakuja Jumapili. Siku nne tu, hospitalini kwao wauguzi hawatoshi. Halafu, kwa sauti ile anayoongea na wagonjwa: "Baba, tuongee kuhusu mama. Chumba ninacho. Kwangu atapata mazoezi kila siku. Wewe umechoka." Nikasema sijachoka. Akasema nilimpa mama yake supu ya pakiti siku tatu mfululizo. Nani kamwambia? Bi Redio wa ghorofa ya juu, nani mwingine!

Kila kiangazi mke wangu alimtengenezea binti yetu chizikeki ya matunda, ile isiyookwa, ya kugandisha kwenye friji. Mwaka huu nitaitengeneza mimi. Aje aone.

Jumanne, 4 Februari

Nimemweleza mke wangu. Akacheka, upande mmoja wa uso. "Kesho," akasema.

Tangu apooze, mwezi wa tano huu, neno ni hilo tu. Akitaka chai, kesho. Akiumwa, kesho. Nikija kesho, nikiondoka kesho. Mtaalamu wa matamshi aliniambia ninunue daftari, niandike kila neno jipya. Ndilo hili. Maneno mapya hayajaja, kwa hiyo naandika yangu.

Nimetafuta alipoandika vipimo. Droo, makabati, mpaka ndani ya kopo la unga. Hakuandika popote. Miaka thelathini ya keki, zote ziko kichwani mwake, na ufunguo hana yeye wala mimi.

Jumatano, 5 Februari

Dukani. Biskuti, siagi, jibini laini, krimu, jelatini ya kugandishia, malimau, nanasi kubwa. Muuzaji akaniuliza, mzee, leo umetumwa? Nikasema nimejituma.

Alhamisi, 6 Februari

Biskuti nimezisaga ndani ya mfuko kwa pasi yangu ya kazi, ile nzito. Miaka arobaini nimekuwa fundi cherehani. Karatasi ya kutandika kwenye bati la keki nimeikata kwa mkasi wangu, haikuzidi hata uzi. Mke wangu kwenye kiti chake cha magurudumu, ananitazama. Nikamimina siagi iliyoyeyuka. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto: ongeza. Nikaongeza. Akaitikia kwa kichwa. Furaha gani! Tulikuwa tunaelewana.

Kisha nanasi. Naanza tu kulikatakata na kulichanganya na jibini na jelatini, naye akaanza. "Kesho! Kesho!" Anapiga meza kwa kiganja. Nikasema sawa, mama, polepole. "Kesho!" Nikadhani anataka tungoje mpaka kesho. Nikadhani anaumwa. Nikampa maji, akayasukuma, yakamwagika. Vipande vikubwa mno? Sukari haitoshi? Machozi yakamtoka. Nikamimina kila kitu kwenye bati, nikatia kwenye friji, nikakisukuma kiti chake nje ya jikoni. Nilimtoa kama mtoto mtundu.

Ijumaa, 7 Februari

Haijaganda.

Nimefungua pete ya pembeni ya bati, ikamwagika yote. Mezani, sakafuni, ndani ya kiatu changu. Nilipiga ukelele mpaka Bi Redio akashuka. Akatazama, akaniuliza nilitia nanasi bichi? Bichi, ndiyo. "Shemeji! Nanasi bichi linaua jelatini. Sharti ulichemshe kwanza! Mkeo ndiye aliyenifundisha."

Mke wangu alikuwa mlangoni na kiti chake. Akafumba macho.

Alijua. Aliniambia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Na mimi, mume wake, nikampa maji.

Jumamosi, 8 Februari

Nimenunua maembe. Mke wangu hakutaka kuingia jikoni. Nimembembeleza, kageuza uso ukutani. Nimefanya peke yangu. Nimeonja, sijui ni tamu au si tamu. Sina wa kumwuliza.

Imo kwenye friji. Nafungua kila baada ya dakika kumi kuitazama. Najua joto linaingia. Nafunga. Nafungua tena!

Jumapili, 9 Februari

Imeganda! Imeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi, lakini imesimama.

Binti kaingia na mabegi yake, akaiona mezani. "Baba! Wewe?" Akala vipande viwili. Mama yake akala kwa mkono wa kushoto, krimu kidevuni, hakutaka kusaidiwa. Nikasema moyoni, yamekwisha, nimeshinda.

Sijui nini kilinituma nimweleze habari ya nanasi. Nilitaka acheke. Nilimwigizia mpaka kile kiatu. Hakucheka. Akaweka uma chini. "Na siku kifua kikimbana, baba? Akakwambia hivyo hivyo?"

Nikaanza kuokota makombo mezani.

Binti akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. "Mama, twende kwangu?" Akajibu, "Kesho."

Binti akasema, umesikia, amekubali. Nikamwambia hilo ndilo neno lake, hana jingine, hata kwa chumvi husema hivyo! "Basi muulize wewe."

Nikamuuliza. Nikamshika ule mkono usio na nguvu, nikamuuliza utabaki na mimi? Akanitazama muda mrefu. Midomo ikafunguka. Ikafungwa. Hakusema chochote.

Labda alichoka. Watu huchoka. Au ndilo jibu, na mimi tena sielewi.

Sasa binti anamwogesha. Mimi humwogesha kwa dakika ishirini, sote wawili tukitoka tumenuna. Wao wana nusu saa. Nasikia maji. Nasikia binti akisimulia jambo la kazini, kisha nasikia kicheko, na si cha binti. Miezi mitano sijakisikia hivi, kizima.

Binti ametoka mara moja, taulo begani, mikono ina povu. Anauliza sanduku la mama la safari liko wapi.

Nimemwambia sijui.

Liko juu ya kabati. Naliona kutoka hapa nilipokaa.