Doña Nicolasa Ameangusha Programu Yangu Mara Tatu

Mpendwa Mama Hortensia, wewe unayejibu barua za wenye shida, hata za kompyuta, naomba msaada, mimi si mtu wa maneno mengi. Nakata miwa. Mke wangu Ercilia alifariki, Jumamosi ijayo anatimiza mwaka, na watu watakuja kumsalia, halafu watakula tamale, ule unga wa mahindi uliofungwa majanini. Yeye angehesabu wageni kichwani. Mimi siwezi, kwa hiyo nikaandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Python, tunafundishwa parokiani, inauliza jina, inauliza mtakuja wangapi, nikaweka kompyuta mlangoni pa kanisa, watu wakitoka misa waandike wenyewe.

Ishirini na saba waliandika vizuri. Akaja Doña Nicolasa, bibi wa kuheshimiwa, ndiye anayeongoza sala za marehemu, akaandika "watatu, Mungu akipenda". Programu ikaanguka, majina yote yakapotea. Tukaanza upya, akaandika "sisi sote". Ikaanguka. Nikamwambia andika namba tu, akaandika "3 na mtoto". Ikaanguka mara ya tatu. Hapo nikamwambia mbele ya watu kwamba hata mbuzi angejibu vizuri zaidi.

Akasema, "Haya mwanangu, mwambie mbuzi aje amsalie mkeo." Akaondoka.

Shemeji yangu Wilmer naye kaandika -2, eti wawili hawaji, programu ikakubali, ikanipunguzia watu wawili.

Bila Doña Nicolasa hakuna sala. Nifanyeje?

Abundio, Bonde la Sula

Mama Hortensia anajibu: Abundio, pole kwa Ercilia. Sasa nikuseme. Umemuuliza mtu swali, amekujibu kama mtu. Tangu lini "Mungu akipenda" ikawa kosa huku kwetu? Mwenye kosa ni programu yako, inayodhani kila mtu atajibu unavyotaka wewe.

Weka swali ndani ya while, ili lirudiwe mpaka jibu lifae. Kugeuza jibu kuwa namba kuwe ndani ya try, yaani programu ijaribu kwanza bila kuanguka. Ikishindikana, except ValueError, sehemu inayopokea jibu lisilo namba, iseme kwa adabu, "Samahani, andika tarakimu peke yake, kama 3," halafu iulize tena. Ikipata namba chini ya sifuri, isiipokee, iulize tena, hata kama ni Wilmer. Na kila jina likiingia, liandike kwenye faili papo hapo, programu ikifa majina yabaki.

Usiijaribu peke yako, wewe unajua inataka nini. Tafuta mtu wa kuichokoza.

Ila hayo yote ni ya kesho. Leo nenda kwa Doña Nicolasa, vua kofia mlangoni, omba radhi, kisha nyamaza akuseme mpaka amalize. Kompyuta iache nyumbani.