Maziwa ya Mamake Taha

Sella uko? Harusi haiko tena.

Si nilimpeleka Mama leo Kibera akutane na mamake Taha? Mlango kufunguliwa, wakaangaliana, wakapiga nduru. Kumbe 1984, kabla tuhamie Kawangware, Mama alikuwa mpangaji wake! Wakakumbatiana, wakalia. Mimi nikadhani nimebarikiwa.

Halafu huyo mama akaniangalia. "Wewe ndiye yule mtoto alikuwa amekonda?"

Sella, nilikuwa wa wiki mbili. Mama titi lilifura, likawa jekundu, akashikwa na homa. Nesi akamwambia maziwa yameingia bakteria, akininyonyesha nitakufa. Nikapewa ya mkebe, nikaharisha nikabaki mifupa. Mamake Taha alikuwa ananyonyesha Taha. Akanichukua. Wiki tatu! Taha titi la kushoto, mimi la kulia.

"Kwa dini yetu nyinyi ni ndugu," akasema, polepole, kama mtu anaomba msamaha. "Hamwezi kuoana."

Ndugu. Mimi na Taha.

Mama ati, "Sasa ningefanya nini? Nesi alisema!"

Na wewe Sella, si pia ni nesi, si juzi ulimwambia dadangu titi likifura hivyo aendelee tu kunyonyesha, mtoto hadhuriki? Sasa huyo wa 1984 alisomea wapi?

Hata kukasirika siwezi, nimechoka. Nimkasirikie nani? Bila huyo mama singekuwa hapa.

Tukitoka akanifungia mandazi. "Chukua, mwanangu."

Miaka minne nimengojea aniite hivyo.