Nilimjibu Gosbert kwa Sauti ya Jemadari

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana nimejiharibia mwenyewe na sina wa kumweleza. Mimi ni binti wa Nyakasimbi, wazazi wangu walitoka Rwanda na wanaishi kwa vibarua vya shamba, na hapa kigangoni vijana tuna mchezo wa mezani tuliofundishwa na mwalimu mmoja mgeni, mmoja anasimulia safari, kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni wa kumsemea, na dadu zinaamua kama atafaulu, nami nikajichagulia jemadari wa kike asiyecheka wala kumhurumia mtu, kwa sababu mimi machozi yangu yako karibu na nilitamani kuwa mtu asiyeumizika. Gosbert, mtoto wa mwenye duka kutoka Muleba, anacheza mchuuzi wa chumvi anayembembeleza jemadari wangu, nami namjibu kwa ukali, wenzetu wanacheka, kumbe moyoni nateketea.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kweli, akamwamkia mama, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, na huku kwetu kuikataa ni kumkataa aliyekupa, nami kwa hofu sauti ya jemadari ikanitoka, "Beba kahawa yako, mchuuzi, sina haja na watu." Nilidhani atacheka. Alilikunja jani na kahawa yake, akaaga kwa heshima, na mezani haji tena, na dada yake Joviana anasema wanamtafutia mchumba. Nikisikia baiskeli nachungulia, si yeye. Natamani hata anisute tu, nimsikie. Nifanyeje?

Costansia

Costansia mwanangu, marahaba, na pole. Lakini nawe umezidi! Mezani ukali wako haukumuumiza mtu, kwa kuwa wote walijua si wewe. Kwenu hakuja mchuuzi, alikuja Gosbert, bila shaka na shati lake la pasi, ukamfedhehesha mbele ya mama yako.

Nahisi uliogopa kwamba mtoto wa kibarua hafai nyumba ya mwenye duka. Hilo yeye hakulisema, umelisema wewe.

Mchezo endelea nao, hauna kosa. Ila acha kuchungulia baiskeli, na usimtume Joviana. Jumapili watu wakitoka kanisani, mwite kando mchana kweupe: "Gosbert, siku ile niliogopa. Nisamehe. Nakupenda." Usitie mzaha hata kidogo. Ukilia, lia, hajawahi kukuona ukilia. Na kama ameshaposa, hilo neno la mwisho limeze, umwombe radhi tu, maana si haki kijana yule azeeke akiamini alimpenda mtu asiye na moyo.