Mama Atupele Hamwachii Mtu

Shikamoo baba,

Mvua imekatika asubuhi hii hapa Matema, ziwa limetulia, nami nakuandikia kwa vidole vinavyouma.

Mwenyeji wangu, Mama Atupele, ni mfinyanzi wa vyungu, na kwa poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, sijaona mfano wake. Tunachezea punje za kokoa, na anayefungwa ndiye anayekanda udongo wa vyungu vya kesho. Nilikanda siku nne mfululizo! Mkekani hana huruma hata chembe. Mchezo ukiisha ananipakulia wali na samaki mbasa wa kukaanga, ndipo ananieleza nilipokosea: "Ukipata karata nzuri unanyoosha mgongo, mwanangu. Hata mbuzi wangu anakuona."

Jana nilikaa nimejikunja vilevile, karata ziwe nzuri au mbaya, nikamfunga. Alijifunga kitenge, akapiga magoti kwenye udongo. Nilipoinama nimsaidie akanifukuza: "Toka hapo! Ukinisaidia leo, kesho nitacheza hovyo."

Basi nikakumbuka Jumapili zetu barazani, jinsi nilivyokuwa nakufunga tangu niko darasa la tano. Baba, ulikuwa unaniachia nishinde, sivyo? Sina kinyongo. Chungu ninachokuletea ni cha udongo niliokanda mwenyewe, na nitakipakata njia nzima.

Kunywa dawa zako, ule vizuri, upate nguvu. Nikifika, changanya karata, na safari hii usiniachie.

Mwanao akupendaye,
Neema